Mstari wa Katikati

Wendell alichukua bahasha ya bili ya gesi,
akaigeuza, akapiga mstari katikati
kwa rula aliyotoka nayo karakana ya mabasi ya shule
siku waliyomkatia keki na kumpa saa asiyoivaa.
Kushoto akaandika DULUTH. Kulia, ARIZONA.

Mimi nilikuwa namenya viazi.
Sikuulizwa, lakini nilijibu.

Kulia palijaa upesi, kama ndoo chini ya bomba:
theluji hakuna;
kodi, kasikia, ni nafuu;
magoti yake hayatalia kila Novemba ikibisha hodi;
dada yangu Lorraine yuko Tucson, ana kiti cha ziada barazani
na mlimau ambao hunitumia picha zake
kama mtu anayetuma picha za mjukuu.
Tena nyumba za huko hazina ngazi.
Tangu nivunjike nyonga nimekuwa mhesabu ngazi,
za nyumba za watu, hata za kwenye filamu.

Kushoto palibaki peupe.
Utaandikaje kwamba Dakta Halvorsen
hunijua kwa kikohozi kabla sijaufikia mlango?
Utaitia bei gani sauti ya Bernice wa jirani
akiita juu ya ua, "Darlene, nimezidiwa na mamung'unye!"
na sote tunajua anachotaka ni kuzungumza?
Nyumba njema si mlango, nikamwambia Wendell.
Akasema, mlango wa hii yetu umekwama tangu Machi.

Basi tukaenda kuonja. Wiki mbili za Februari.
Jua lilikuwa tamu kama dhambi ndogo.
Nilivaa kandambili. Wendell alicheka usingizini.
Siku ya tisa niliingia dukani kununua maziwa
na hakuna aliyeniuliza habari za nyonga.
Nikafungua mlango wa friji, nikasimama pale
nikitaka walau baridi initambue.

Jioni Lorraine akasema, Julai hatutoki nje,
twakimbia toka kiyoyozi hadi kiyoyozi.
Nikasema, nasi Januari twakimbia toka hita hadi hita;
gereza ni lile lile, wamebadili rangi ya ukuta.
Hakucheka. Mumewe amelala huko, chini ya changarawe,
na yeye hana wa kumrudia huku
ila mimi, ninayefikiria kumfuata.

Septemba tulitandaza mali yetu uani, kila kitu na bei yake.
Taa ya mama, dola tano. Viatu vya barafu, viwili kwa moja.
Beleshi la theluji likaenda kwa dola tatu
kwa kijana wa ng'ambo ya barabara, Rigo Cantú,
aliyehamia toka Texas na mke na mtoto mchanga,
theluji akiijua kwa picha.
Wendell alizihesabu zile noti mara mbili.
Ni tatu tu, nikamwambia.

Oktoba ishirini na sita theluji ikaipita kalenda.
Wendell dirishani, kikombe mkononi,
anamtazama Rigo akiinua beleshi kwa mgongo.
"Atajivunja."
Kimya.
"Tena anaitupa upande wa upepo."
Kimya. Kisha nikasikia zipu.

Walichimba hadi saa sita mchana, mzee na mgeni,
mmoja akimfundisha mwenzake kukunja magoti
kwa magoti yasiyokunjika.

Dalali amepiga simu mara mbili.
Bahasha ingali kwenye friji, chini ya sumaku ya samaki,
na bili yenyewe, nimegundua, hatujalipa.
Leo nilishika kalamu niongeze neno upande wa kushoto.
Mkono haukuwa na hakika. Neno likakaa juu ya mstari,
mguu mmoja huku, mmoja kule:
beleshi.

Wendell alilisoma akipita.
Akaninyang'anya kalamu, akaandika chini yake,
Si letu tena.

Akavaa kofia, akatoka kwenda kuliazima.